Boksi la mifuko ya mkojo

Jana asubuhi nimekuta boksi mlangoni, halina hata neno moja la kuniaibisha kwa majirani. Ndani mna mifuko ya mkojo: ya mguuni, ya usiku, na mikanda ya kuifungia pajani. Nikakaa kwenye ngazi nikacheka kama chizi, halafu nikamkumbuka marehemu baba.

Baba alikaa na mpira wa mkojo miaka miwili pale Ujiji, Kigoma, akisubiri kupasuliwa tezi dume. Mfuko mmoja, dada anausuuza na kuurudisha. Mpira ukiziba usiku, tumbo linakuwa ngoma, inatafutwa bodaboda, mzee anakaa katikati kakumbatia mfuko wake hadi mjini. Mkifika: "Kanunueni mpira duka la dawa." Saa nane za usiku! Duka gani? Mnajua wenyewe.

Huku Leicester, Uingereza, na mimi nina mpira, na wangu unabadilishwa kila wiki 12. Nesi anakuja nyumbani, na tarehe ya kurudi anaiandika kabla hajaondoka. Mfuko wa mguuni natupa baada ya wiki.

Najua wa nyumbani mtakuja: "Kapanda ndege juzi, leo anatudharau." Nimdharau nani? Mimi nimekuzwa kwa mgebuka na mawese. Ila msinijibu umaskini, umaskini. Kumwambia mgonjwa kabla hajatoka wodini arudi lini, mfuko ukae chini ya kibofu, anywe maji, kunagharimu shilingi ngapi? Baba aliacha kunywa maji ili mfuko usijae haraka, kumbe mkojo ukiwa mzito mpira huziba kirahisi zaidi. Hata msikiti aliacha, anajiona ana najisi, mpaka shehe akamfuata barazani: mzee, wewe una udhuru, tawadha kila wakati wa sala ukiingia, usali. Shehe ndiye aliyemweleza jinsi ya kuishi na mpira!

Haya, na lenu niwape. Baba hakuwahi kumwaga mfuko wake mwenyewe, wajukuu walipokezana, na barazani hakukosa mtu wa kucheza naye bao. Mimi nesi akishafunga mlango, wiki 12 hakuna wa kuniuliza nimelalaje. Furahini basi, lakini mpira wa baba uliziba palepale, na wajukuu wamemzunguka.

Nimemuuliza dada kama mtaani kuna anayehitaji mifuko, nitafute ya kununua nitume. Kajibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni: "Kaka, wapo watatu. Ila mmoja usimtaje jina, hata mkewe hajui."