Gari Zee, Redio Mpya na Mimi Chini ya Dashibodi

Kuna watu husema gari la zamani halina taabu, mradi ulijue tu. Watu hao hawajawahi kulibadilishia redio.

Na ombi langu lilikuwa dogo, jamani. Sikutaka viti vya ngozi. Sikutaka kamera ya kurudi nyuma. Nilitaka simu yangu isikike kwenye spika kwa Bluetooth, basi. Redio iliyokuja na gari ni ya kaseti, na kaseti yenyewe ilikwama humo tangu enzi za yule aliyemuuzia aliyeniuzia mimi. Ni mafunzo ya Kifaransa. Najua kuuliza njia ya kwenda stesheni kwa Kifaransa safi kabisa; jibu liko upande wa pili, na upande wa pili haupigi. Ukihamia FM ni balaa jingine, kwa sababu gari limetoka Japani, na redio za zamani za kwao zinaanzia 76 zinaishia 90. Vituo vyote ninavyovipenda viko juu ya hapo, kuelekea 108. Kwa hiyo katikati ya foleni nina hiari mbili: mkwaruzo, au tafadhali bwana stesheni iko wapi.

Nikanunua redio mpya. Kasha limeandikwa kwa herufi za kung'aa: wati 50 mara 4. Yaani wati 200. Nikaigeuza redio nyuma, fyuzi yake ampea 10. Mimi si mhandisi, lakini kuzidisha nilifundishwa. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari ni kama volti 14.4, mara 10 ni wati 144. Hizo 200 zitatoka wapi kama zinazoingia hazifiki hata 150? Na hapo hujatoa zinazopotea kwa joto, maana ukiigusa mgongoni ikishapiga kidogo unarudisha mkono mwenyewe. Ukweli ni kwamba spika moja inaambulia kama wati 20 hivi za kudumu. Zilizobaki ni za kasha. Mimi nikimwandikia bosi kwamba nafanya kazi ya watu wanne nitaitwa ofisini. Redio inaandika na inapigiwa makofi.

Mke wangu akasema, "Si umwite kaka akufungie?" Kaka yake, yaani shemeji yangu, anajua kila kitu chenye skrubu duniani. Akaja na bisibisi moja, kisu cha mezani, na simu yenye video.

"Shemeji, hii kazi ya nusu saa."

Mwogope sana mtu anayetaja nusu saa kabla hajafungua mlango wa gari. Ila nimpe haki yake: jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa waya hasi wa betri. Hapo alinifurahisha. Baada ya hapo sifa zinaisha.

Dashibodi ya gari zee haina skrubu za kuonekana. Moja imejificha nyuma ya kisanduku cha majivu ya sigara, nyingine chini ya swichi za kiyoyozi, na kinachoshika paneli kwa kweli ni vidole vya plastiki vinavyong'ata kwa ndani. Plastiki hiyo imepigwa jua miaka yote hiyo mpaka imekauka kama jani la mgomba. Shemeji akachomeka kisu kwenye ufa, akakipindua taratibu, ulimi nje. Tak. "Kawaida hiyo, shemeji." Akasogeza kisu mbele kidogo. Tak. "Nayo kawaida." Alipofika upande wa abiria hapakuwa na cha kawaida kilichosalia, paneli ikamjia yote mkononi pamoja na kitufe cha feni, kitufe ambacho hakikuwa na kesi na mtu.

Na nyuma ya paneli ndiko kwenye mambo.

Redio za kisasa nyingi zina lugha moja ya rangi. Njano ni umeme wa kudumu, ule unaotunza kumbukumbu hata gari likizimwa. Nyekundu ni umeme wa swichi, unakuja ukizungusha funguo. Nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Buluu inainua antena, na buluu yenye mstari mweupe inaamsha amplifaya, kile kikuza sauti. Spika nazo zimegawiwa: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila rangi ina pacha wake mwenye mstari mweusi ambaye ni hasi. Ukisoma kwenye karatasi unaona raha. Unajiambia, kumbe dunia ina utaratibu!

Hizo ni nyaya za redio. Za gari sasa. Gari langu limepita mikononi mwa mafundi ambao kila mmoja alikuja na rangi aliyokuwa nayo mfukoni siku hiyo. Njano ya redio ya zamani ilikuwa imeungwa kwenye waya wa kijani, huo wa kijani ukaungwa kwenye kipande cha waya wa taa ya nyumbani, ule mweupe bapa, halafu ndipo ukarudi kuwa wa gari. Maungio yamesokotwa kwa mkono na kuviringishiwa tepu, na tepu imeyeyuka kwa joto ikawa lami. Ukiishika inakushika. Redio yenyewe ilikuwa imekazwa kwa njiti za kiberiti. Njiti za kiberiti, kwenye maungio yasiyofunikwa vizuri! Nimekuwa nikiendesha hicho kitu na watoto kiti cha nyuma.

Kulikuwa na waya mmoja wa waridi umening'inia peke yake, haukugusa kitu. Betri ilipounganishwa kwa muda tupime, shemeji akauwekea testa: taa ikawaka. Akaondoa funguo: inawaka. Tukaufuata na tochi, ukaingia chini ya zulia, ukatokea karibu na mguu wa dereva, ukaishia kwenye kibati kilichoandikwa jina la king'ora. King'ora chenyewe hakipo. Waliokiondoa walichukua kengele, wakatuachia umeme.

"Huu tuufunike tu," akasema shemeji, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi.

Kuunga kulichukua muda wa kawaida wa shemeji, giza likaingia. Tukawasha. Redio ikaamka, ikatukaribisha kwa taa za zambarau zinazocheza, hakuna aliyeziomba. Tukapeana mikono. Nikazima gari, nikawasha tena: saa imerudi sifuri, vituo vimefutika, simu haiijui tena. Shemeji alikuwa amegeuzanisha njano na nyekundu; ikabidi tuzirudishe kila moja mahali pake. Hapo nilitaka kulalamika, lakini kuna magari ya Ulaya yaliyotoka kiwandani na tundu hizo mbili zimegeuzana kwenye soketi ileile ya kawaida, kwa hiyo hata kiwanda kina shemeji wake. Mimi nilishukuru kwamba hakuziunga zote mbili kwenye umeme wa kudumu, maana hapo redio inaweza kukesha inakunywa betri, na asubuhi stata inakujibu "tik" kisha inanyamaza.

Kuhusu kuingia kwenye tundu lake, nisiwachoshe. Vipimo vya redio za gari vilipangwa na Wajerumani, ndiyo hiyo DIN: upana milimita 180, kimo 50, na ile kubwa kimo 100. Tundu langu lina upana wa 200, kwa sababu kuna watengenezaji wa Japani walioona 180 inawabana. Kwa hiyo kila upande kuna pengo la milimita 10, na kuna vipande vya plastiki vinavyouzwa kuziba pengo hilo. Havikuwamo kwenye kasha. Kwenye kasha mlikuwa na stika.

Wenzangu wakifunga vitu hubakiwa na skrubu. Sisi zilipungua.

Halafu ukaja mluzi. Ukikanyaga mafuta, spika zinapiga mluzi unaopanda; ukiachia, unashuka. Nilidhani ni kituo. Kumbe ni altaneta, ile inayochaji betri, sauti yake inapenya kwa njia ya ethi mbovu, kwani waya mweusi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu iliyoshika bati lenye rangi. Ethi inataka chuma kitupu cha bodi, kilichokwanguliwa mpaka king'ae. Shemeji aliuona huo mluzi kama faida. "Sasa gia utabadilisha kwa kusikia tu." Niliipiga msasa ile bati mwenyewe usiku ule, kimyakimya, ili asipate nafasi ya kunieleza.

Spika ya nyuma kulia nayo ikakataa. Inakohoa. Shemeji alishikilia kuwa ni waya, nami nilishikilia kuwa ni spika, kwa sababu nilishaifungua na karatasi yake imeoza ukingoni, kidole kinapita. Tukabishana mpaka mke wangu akazima taa ya nje.

Yote hayo ningesamehe. Kisichosameheka ni kwamba simu ya kwanza kuunganishwa na hii redio, kwa ajili ya kujaribu, ilikuwa ya shemeji. Redio imemkumbuka. Jina langu inalisahau, la shemeji haisahau. Akiwa karibu na gari, hata kama ameketi barazani kwangu, nikiwasha tu inamchagua yeye, inaniacha mimi mwenye gari na mwenye risiti.

Juzi nimeingia na mke wangu, tunatoka, nimewasha. Gari zima likajaa sauti ya mtu anayeongea na shemeji kwenye simu: "...ile redio? Kumbe ulimfungia wewe. Yeye alikuwa anashika tochi tu, na tochi yenyewe anamulika kwingine..."

Mke wangu akaangalia dirishani. Mabega yanamtikisika.

Nikasogeza mdomo kwenye kile kitundu cha maikrofoni. "Bwana. Tunakusikia huku."

Kimya kidogo. Kisha ikatoka spika zote, pamoja na ile inayokohoa: "Ahaa, wewe ndiye yule shemeji! Hebu niambie, nyuma kulia inatoka?"