Mgonjwa anaanzia dirishani

Daktari mmoja ninayefanya naye kazi hapa Uingereza aliniuliza juzi tukiwa kwenye chai: "Kwenu Tanzania mgonjwa anaanzia wapi?" Nikamjibu: dirishani, kwa keshia. Akacheka. Sikuwa natania.

Nilifika huku 2012, mwaka wa zogo la sheria ya Waziri wa Afya Andrew Lansley ya kuipanga upya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Chama cha madaktari, BMA, kiliipinga waziwazi. Mimi muuguzi mgeni nikawashangaa: mgonjwa halipi kumwona daktari, mishahara haichelewi, sasa wanalia nini? Nikahisi wanatetea ulaji wao.

Nilikosea. Mfumo wa baadhi ya taasisi za NHS kununua huduma na nyingine kuziuza ulishaanza kwa sheria ya 1990. Ile ya 2012 ilifungua zaidi mlango wa zabuni kwa kampuni binafsi, na ikaruhusu hospitali za umma zinazojiendesha kupata hadi asilimia 49 ya mapato nje ya NHS. Hofu ya madaktari ilikuwa kwamba kampuni zingechuma maembe ya chini, yaani upasuaji wa nyonga na wa mtoto wa jicho, kazi zenye bei inayojulikana. Bibi mwenye kisukari, figo na moyo kwa pamoja angebaki kwa serikali. Tena daktari uliyezoea kumpigia simu hospitali ya jirani umwombe ushauri, sasa ni mshindani wako.

Hospitali ya Hinchingbrooke ilikabidhiwa kampuni ya Circle mwaka huohuo. Ilipofika 2015 kampuni imeshafunga virago, hospitali ikarudi mikononi mwa NHS. Mwaka 2022 sheria nyingine ikaondoa sehemu kubwa ya masharti yale ya ushindani.

Sisi Tanzania soko lilituingia kwa njia nyingine. Tiba binafsi za faida zilipigwa marufuku 1977, zikarudi 1991, na 1993 uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, ukaanza kwenye hospitali za umma. Sababu zilikuwepo, siwezi kuzibeza. Dawa hazikuwepo na hazina ilikuwa tupu. Misamaha nayo iliwekwa, kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee wasiojiweza. Lakini muulize aliyewahi kuufuatilia msamaha huo kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, karatasi mkononi, mgonjwa kwenye benchi.

Mama yangu mdogo alipopelekwa hospitali mwaka jana, swali la kwanza lilikuwa "Una bima?" La pili ndilo likawa "Unaumwa wapi?" Simlaumu kijana aliyeuliza. Angempokea bila kuuliza, angeulizwa yeye.

Nikiri na mengine. Foleni za huku zinachosha. Nimeona watu wakingoja upasuaji miezi na miezi. Mimi mwenyewe nikiwa likizo Dar nililipia MRI, nikapimwa siku hiyohiyo, na nilifurahi. Dada niliyekaa naye benchi moja alisomewa bei, akakunja karatasi yake akaondoka. Nikaitwa mimi, nikaingia.

Yule daktari hakuishia hapo. "Na kama hela haipo?" Nikamfungulia simu, kikundi cha ukoo. Jina la mama mdogo juu, chini yake orodha ya michango: wa kwanza elfu hamsini, wa pili elfu ishirini, wa tatu "nitatuma mwisho wa mwezi". Akataka kujua ilichukua siku ngapi kutimia. Tisa.