Acheni kutoa eya klina jamani

Jumamosi shemeji yangu kaja hapa Mikindani na pikipiki lake la porini, mtumba wa Japani wa cc 250 alionunua kwa hela ya korosho, linatoa moshi wa bluu na kila baada ya siku tatu anaongeza oili. Nikafungua kava la pembeni niangalie eya klina, ile sponji inayochuja hewa ya injini, boksi tupu. Shemeji, sponji iko wapi? Ananijibu fundi aliitoa tangu mwezi wa sita, kamwambia inaziba pumzi, ikitoka pikipiki itakuwa nyepesi. Nikachomoa ule mpira unaoingia kwenye kabureta, pale hewa inapochanganyika na mafuta, nikapitisha kidole ndani, kikatoka na unga wa njano umeshikana na vumbi jekundu. Salfa! Salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, injini ya mtu imeivuta miezi miwili nzima.

Nimeumia kweli. Hela ya msimu mzima ile.

Sikilizeni ndugu zangu wa Tandahimba, Newala, Nachingwea na wote mnaokatiza mashambani. Injini ikivuta hewa inavuta na kila kilichomo. Vumbi letu ni mchanga uliosagika, ukiingia kwenye silinda ukakutana na oili unakuwa msasa, na pistoni inapanda inashuka maelfu ya mara kwa dakika huo msasa ukiwa katikati, silinda inalika, ringi za pistoni hazibani tena, oili inapanda juu inaungua ndo ule moshi mnaouona. Na huo wepesi mnaousifia? Hewa imezidi na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ni ile ile, mafuta yanakuwa machache kwa hewa iliyoingia, injini inachemka. Hakuna nguvu mliyoongeza hapo.

Mimi alinifundisha mjomba kule Kitangari, alikuwa bwana shamba, pikipiki ya kazini aliitunza kuliko kitanda chake. Sponji anaiosha kwa mafuta ya taa kwenye beseni, halafu maji ya sabuni, na alikuwa ananishika mkono kabisa: minya kama unakamua tui, usisokote kama nguo, itachanika. Inakauka kivulini. Ikikauka ndo inapakwa oili nzito, ya gia inafaa, unaminya minya mpaka rangi ilingane kila mahali na isidondoke tone. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaiosha vizuri wanairudisha kavu, na sponji kavu vumbi laini linapita tu, kinacholikamata ni ile oili. Ukingoni pakaa grisi kidogo ili hewa isipenye pembeni. Petroli inasafisha haraka, sawa, nakubali, ila inalegeza gundi ya maungio, na jiko la mkaa si liko hapo hapo uani na watoto wanacheza?

Kipindi hiki cha salfa na vumbi mimi naosha kila wiki, nikienda mbali naosha siku nikirudi. Nusu saa haifiki ukitoa muda wa kukauka.

Kuna mengine pia unayafanya mwenyewe nyumbani. Tapeti, yaani uwazi wa valvu, zinapimwa asubuhi injini ikiwa ya baridi. Cheni ya pikipiki la porini usiikaze ukiwa umelisimamisha tupu, kaa juu, mtu mwingine apime tena, maana shokapu zikishuka cheni inajivuta, ukiikaza sana inakula beringi na sproketi. Ukitoka kuchezea mchanga wa Msimbati rudisha upepo uliopunguza kwenye tairi, na osha chumvi siku hiyo hiyo kwa maji baridi, spoku zinaoza hivi hivi unaziona.

Haya, gereji zina kazi yake, silinda huwezi kuichonga uani kwako, na mafundi wapo wazuri wenye mikono ya dhahabu. Lakini fundi akikwambia anatoa kitu ambacho kiwanda kilikiweka, muulize kwa nini kiliwekwa. Akishindwa kujibu chukua pikipiki yako uondoke.

Ya shemeji imeshafunguliwa, silinda imeenda kuchongwa, pistoni ya saizi ya juu tunaisubiri kutoka Dar. Sponji mpya ninayo mimi ndani kabatini, na nimemwambia dada yake asimpe mpaka niione kwa macho yangu anavyoikamua.