Nani Kasema "Nesh" Si Neno?

Binti wa dada yangu, anayefanya kazi katika makao ya wazee huko Nottingham, Uingereza, aliandika hivi karibuni kwenye kundi letu la familia kwamba mzee mmoja anayemhudumia alimcheka kwa kuvaa sweta mbili mwezi wa Mei, kisha akamwambia kuwa yeye ni "nesh", neno la lahaja ya huko kwa mtu anayeshindwa na baridi kidogo. Akauliza kwa adabu kama ametukanwa. Kabla hajajibiwa, jamaa yetu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akaingilia kati: "Mwanangu, hilo si neno. Hicho ni Kiingereza cha vijiweni, usikizoee." Wengine wakampongeza mwalimu, na mjadala ukafungwa.

Cha vijiweni! Neno hilo liliandikwa "hnesce" katika Kiingereza cha kale, na katika Injili zilizotafsiriwa yapata miaka 1000 iliyopita ndilo lililotumika kwenye mfano wa mtini, pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inasema tawi lake likiisha kuwa laini. Wakati huo hapakuwa na Kiingereza sanifu cha kumsahihishia mtu, wala mtambo wa chapa wa William Caxton, ambao ulianza kazi Westminster mwaka 1476 na kuisaidia lugha ya London na viunga vyake kupanda cheo. Lahaja za mikoani hazikuwa zimeharibika, ni vile tu hazikualikwa.

Kinachowakera walimu wa aina hii, nadhani, ni kwamba neno lina maana nyingi, nao wamezoea kuona maana nyingi kama dalili ya vurugu. Ukizitazama kwa makini, hata hivyo, zote zimechipuka kutoka shina moja la ulaini. Majani mabichi yaliyojaa maji ni nesh kwa sababu ni laini kuguswa, na mtoto asiye na afya imara ni nesh kwa sababu mwili wake haujakaza. Mtu anayetetemeka kwa kiupepo kidogo ni nesh, na hii ndiyo maana iliyo hai zaidi leo katika Nottinghamshire, Derbyshire, Staffordshire na Cheshire. Kutoka hapo si mbali kumfikia mwoga, na wazee walikuwa na kitenzi chake pia, cha mtu anayeahidi jambo kisha akaingia mitini. Mwandishi Thomas Hardy, katika riwaya yake The Woodlanders ya mwaka 1887, anampa mwanakijiji neno hilo hilo amsemee binti anayekawizwa shule ya bweni, na hapo maana inaegemea kudekezwa. Kwa hiyo mpwa wangu alitaniwa kwamba anadekea baridi, basi. Lakini angeambiwa hivyo mwanamume aliyekimbia kazi ngumu, pengine pasingekalika.

Aliyeyachukulia maneno haya kwa uzito unaostahili ni Joseph Wright, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1855, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, akachelewa kujua kusoma hadi alipokuwa kijana, na hatimaye akawa profesa Oxford. Kamusi yake ya lahaja za Kiingereza ilitoka kati ya mwaka 1898 na 1905, katika majuzuu 6, na inaonyesha kila neno linasemwa wapi na kwa maana gani. Mtoto wa lahaja hakuiona lahaja yake kuwa ni aibu. Tunaoionea aibu ni sisi tuliofundishwa Kiingereza kwa viboko, na tunaolinda mlango wa nyumba isiyo yetu kwa ukali kuliko wenye nyumba. Tena ni sisi hao hao tunaojua jinsi maneno ya Kimvita na Kiamu yalivyogeuzwa "makosa" baada ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Nakubali, shingo upande, kwamba neno hili halifai katika mtihani wala katika barua ya kuomba kazi, kwa kuwa mtahini wa Dar es Salaam au Nairobi hana wajibu wa kujua lugha ya Derbyshire. Lakini kutofaa katika mtihani ni jambo moja, na kutokuwa neno ni jambo jingine kabisa. Kamusi kuu ya Oxford, ambayo mwalimu wetu huitaja kila anapotaka kumnyamazisha mtu, imeliorodhesha. Kama ana ubishi, akabishane nayo.