Kikwata sio takataka jamani

Makala hii ni nzuri ila hapo mwandishi anaposema vichaka vya miba vinavyozunguka Dodoma havina faida, bora ving'olewe ipandwe miti ya kisasa, hapo nakataa kabisa. Kikwata mnakijua lakini? Kile kichaka chenye vimiba vifupi vyeusi vimepinda kama ndoano, vimekaa viwili viwili, kikikukamata shati usivute, rudi nyuma taratibu ndo kinakuachia. Sasa kije kiangazi nchi yote imekauka, kikwata kinatoa maua meupe hata majani hakina na nyuki wanajaa hapo mpaka unasikia mvumo ukiwa mbali, na asali yake nzuri sana kwa kweli. Mbuzi wanakula majani na yale maganda ya mbegu, matawi tunazungushia zizi fisi asipite.

Huku mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na katikati hapo inaweza ikakata wiki kadhaa, mche wa kununua bila kumwagilia unakufa ila kikwata kipo tu.

Halafu watu wa Kisiki Hai, ule mradi wa kukuza tena miti kutoka kwenye visiki, washatuonyesha vijijini, kisiki kilichokatwa bado kina mizizi hai, unachagua machipukizi machache yenye afya, mengine unapogoa, unafunga kitambaa kama alama halafu unalinda mifugo isile. Gharama ni panga na muda wako. Diwani wetu kama unasoma hapa, kabla ya kuleta greda njoo kwanza tuongee na wafugaji na wenye mizinga.