Kabla ya Kushusha Injini, Utazameni Ufa Wenyewe

Juma lililopita jirani yangu hapa Njombe alinijia amenuna, kwa kuwa gereji moja ilikuwa imemwambia kwamba bloku ya lori lake, yaani mwili mkuu wa injini, imepasuka, hivyo injini ishushwe na itafutwe nyingine ya mtumba. Fundi alitoa hukumu hiyo akiwa amesimama, mikono mfukoni, hata tope halijafutwa. Nilikasirika kuliko mwenye lori, kwa sababu miaka mitatu iliyopita niliambiwa maneno hayohayo.

Chanzo cha nyufa hizi watu wa Njombe na Makete tunakijua. Mtu amejaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti (kimiminika cha kupoza injini kisichoganda upesi), usiku wa Juni sakitu inaanguka, maji yanaganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha bloku, ambacho ni cha kusubu (cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), kwa kuwa hakipindi, kinapasuka. Mara nyingi kinachopasuka ni ukuta wa nje wa njia za maji, ambao haubebi krankishafti (mhimili mkuu wa injini) wala hauguswi na mlipuko wa dizeli. Kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike, basi. Kwa ukuta huo ndio mnataka tushushe injini nzima?

Mzee aliyenitengenezea langu hakufungua hata silinda hedi. Alitoa alteneta ili apate nafasi ya drili, akasugua kwa brashi ya waya, akapaka mafuta ya taa, akayafuta, kisha akapuliza unga wa chaki. Baada ya muda ufa ukajichora wenyewe, mstari mwembamba wenye urefu wa kidole. Akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Kisha akaanzia upande mmoja: akatoboa, akakata hesi (mifereji ya kushika skrubu), akakaza skrubu iliyopakwa gundi, akaikata, halafu akatoboa tundu jingine lililoila kidogo skrubu iliyotangulia, akaendelea hivyo hadi ufa wote ukawa mnyororo wa skrubu zilizoumana. Akazigonga kwa nyundo ndogo na kusawazisha kwa tupa. Nilipomuuliza kwa nini hachomelei, alinijibu: "Mwanangu, chuma hiki ukikipa moto wa ghafla mahali pamoja, kitapasuka pembeni nawe unakitazama." Kukichomelea vizuri kunataka kipashwe joto kwanza na kipoe polepole, na hapo ndipo injini ingelazimika kushuka.

Wala kutengeneza chuma cha kusubu kilichovunjika, kwa njia hii au nyingine, badala ya kukitupa si ujanja wa porini. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ilizitwaa meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake, ikakuta mabaharia wamevunja silinda za injini makusudi. Silinda nyingi zilitiwa viraka na kuchomelewa kwa umeme, badala ya kusubiri zisubiwe mpya.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba ufa ulio ndani ya silinda, kati ya vali au kwenye viti vya beringi ni habari nyingine, na fundi anayeshusha injini kwa ufa wa namna hiyo simlaumu. Ile gundi ya chuma ya kopo, inayosifiwa dukani kama dawa ya magonjwa arobaini, siijadili.

Lori langu lilijazwa maji, likaungurumishwa hadi likapata moto, na halikudondosha tone. Leo ni msimu wa tatu linabeba viazi. Jirani anampelekea mzee lori lake kesho. Ile gereji inamdai shilingi 20,000 za "kuangalia".