Jiwe la mbolea na madini adimu: ulizeni yanaishia wapi

Tangu kinywe (grafaiti) cha Ruangwa kianze kuvuta watu, jiwe lolote zito linalookotwa kati ya Kilwa na Masasi linatafutiwa jina, na jina linalopendwa siku hizi ni madini adimu, yaani lile kundi la metali kama neodimiamu na disprosiamu zinazotengenezea sumaku kali. Likiwa jiwe la fosfeti, lile la kutengenezea mbolea, la mashapo ya bahari, hakuna haja ya kubishana: yamo. Karibu kila fosfeti ya aina hiyo inayo, mara nyingi mamia ya gramu kwa tani. Kwa hiyo cheti cha maabara chenye gramu 600 kwa tani si sababu ya kumpandishia mtu bei ya kitalu. Thamani ya madini hayo inaamuliwa kiwandani, na hasa na aina ya asidi itakayotumika kuliyeyusha jiwe. Dalali akikuonyesha cheti bila kuzungumzia asidi, amekuonyesha nusu ya hesabu.

Yanaingiaje humo? Fosfeti hii ni apataiti (fosfeti ya kalsiamu) yenye kaboneti, inaitwa frankolaiti. Chembe za madini adimu zinakaribiana ukubwa na za kalsiamu, basi zinakalia nafasi zake. Zilitoka kwenye maji ya bahari yaliyobaki ndani ya tope la sakafuni, tope lenyewe likiwa bado laini. Mfupa nao hufanya hivyo hivyo. Mnyama akiwa hai mfupa wake hauna cha maana. Ukishazikwa, unanyonya kutoka kwenye maji hadi kufikia mamia, pengine maelfu ya gramu kwa tani. Mijusi ya Tendaguru, ambayo wapagazi waliibeba hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, ni mifupa ya apataiti pia. (Msiende huko na sululu. Masalia ya kale yana sheria yake.)

Fosfeti ya bahari inastahili kuzungumziwa kwa sababu ya mchanganyiko wake. Ngualla, kule Songwe, ni kabonataiti, mwamba wenye kaboneti nyingi uliotokana na uji wa moto wa ardhini, na wingi wake ni madini mepesi: lanthanamu, seriamu, neodimiamu. Fosfeti ya bahari ina kidogo kwa tani, lakini fungu la madini mazito kama itriamu na disprosiamu ni kubwa zaidi. Seriamu, ambayo haina bei, mara nyingi ni pungufu, kwa kuwa ikikutana na oksijeni baharini hunaswa na oksaidi za manganisi. Ukipewa cheti cha fosfeti "ya bahari" halafu seriamu imejaa kama kwenye udongo wa kawaida, shuku kwamba sampuli imeingia mfinyanzi. Fosfeti ya Minjingu, Manyara, usiifanye kigezo hapa: ile ni ya ziwa.

Sampuli ndipo wengi wanapojidanganya. Jiwe lililolala juu limeshaoshwa na mvua. Kaboneti imeondoka, fosfeti na madini adimu vimebaki vimejikusanya, na kiwango chake hakifanani na cha chini. Chimba hadi ufikie mwamba ambao haujaoza. Kata mfereji wa upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3, kutoka juu ya tabaka hadi chini yake, kila mita kwa mfuko wake. Utapata karibu kilo 4 kwa mfuko, inatosha. Usichague vinundu vyeusi ukaacha mchanga ulio katikati, maana mgodi utachimba vyote.

Kile kifaa cha eksirei cha mkononi kina kazi yake. Itriamu inaisoma vizuri, na itriamu ikipanda ujue madini mazito nayo yanapanda. Disprosiamu usiiamini kwenye kioo chake: mionzi yake inaangukia karibu mahali pamoja na ya chuma na manganisi, na mwambao wetu huu wa udongo mwekundu una chuma kila mahali.

Maabara iagizwe vipimo viwili kwa unga uleule. Cha kwanza ni kuyeyusha kwa borati ya lithiamu, ambacho hutoa jumla yote. Cha pili ni kuloweka kwenye asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji. Frankolaiti inayeyuka kwa urahisi. Monazaiti na zikoni zilizokuja na mchanga haziyeyuki hivyo. Kipimo cha kwanza kikisema 600 na cha pili 550, una fosfeti. Cha pili kikisema 250, una mchanga wa mto uliojificha ndani ya fosfeti, na bei ni nyingine kabisa. Angalia pia kama namba ni za elementi au za oksaidi: itriamu pekee ukiigeuza oksaidi inapanda kwa asilimia 27, bila jiwe kuongezeka hata chembe.

Sasa asidi. Njia iliyozoeleka duniani ni ya salfuriki. Ili upate tani 1 ya P2O5, kipimo kinachotumika kuhesabu fosforasi ya mbolea, unahitaji kama tani 3.3 za jiwe la asilimia 30, na unabaki na takriban tani 5 za jasi. Jiwe la gramu 600 limeleta kilo 2 za madini adimu. Robo tatu hivi huingia kwenye jasi: kilo 1.5 ndani ya tani 5, yaani gramu 300 kwa tani. Umeteketeza asidi, maji na umeme, na rundo ulilonalo lina nusu ya kiwango cha jiwe uliloanza nalo. Juu ya hapo, urani nyingi huondoka na asidi ya fosforiki lakini radiamu hubaki kwenye jasi. Basi hiyo si kama jasi ya kuchimbwa ya Makangaga, Kilwa, ya kupakia tu kwenda kiwanda cha saruji.

Kusini tuna sababu ya kufikiria njia nyingine, nayo ni gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi hutoa amonia, amonia hutoa asidi ya nitriki, na nitriki huyeyusha jiwe bila kuacha jasi. Madini adimu yanabaki kwenye maji. Unapoza maji hayo hadi karibu na nyuzi 0, nitrati ya kalsiamu inaganda, unaichuja. Kisha unaongeza amonia kidogo kidogo, na madini adimu yanatuama kama fosfeti. Kalsiamu ikibaki nyingi itatuama pamoja nayo na kuyazamisha. Chuma na alumini hufanya hivyo hivyo. Jiwe lenye kaboneti nyingi linatoa povu hadi linamwagika, na lenye mabaki ya viumbe linatoa moshi wa kahawia wa oksaidi za nitrojeni, ambao ni sumu. Ni kazi ngumu, lakini mtu anaweza kuipigia hesabu. Rundo la jasi halina hesabu inayolipa.

Jiwe la kiwango cha chini liache ndoto za sumaku, lisagwe liende shambani. Fosfeti ghafi huyeyuka kwenye udongo wenye asidi, pH chini ya 5.5, na salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa asidi ya salfuriki. Ukiweka kilo 250 za unga kwa hekta, hata jiwe likiwa la gramu 600 kwa tani, gramu 150 tu za madini adimu zitakwenda nazo, na hizo usizililie. Kipimo cha kudai kabla ya kusambaza ni cha kadimiamu, kwa sababu kwenye udongo wenye asidi hiyo hupanda hadi kwenye majani ya mboga iliyopandwa chini ya mikorosho.